Kushuka Big Pit, mgodi wa makaa ya mawe wa Wales

Kutoka Newport, kusini mwa Wales, basi hupanda bonde kupitia Pontypool hadi Blaenavon, mji uliozaliwa na tanuri za chuma za 1789. Mgodi uko juu ya mji. Uchimbaji ulikoma tarehe 2 Februari 1980, na mwaka 1983 milango ikafunguliwa kwa wageni.

Kabla ya kushuka tulikabidhi simu, saa za betri na viberiti, chochote kinachoweza kutoa cheche. Tukavaa kofia ngumu, taa ya kichwani, betri kiunoni, na kopo la kupumulia ambalo dawa yake hugeuza kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, kuwa kaboni dioksaidi. Vyote pamoja ni kama kilo 5. Si mapambo: mgodi huu bado unasimamiwa kwa sheria za migodi. Mtoto asiyefikia kimo cha mita moja haruhusiwi kushuka.

Lifti ilitushusha mita 90. Huko chini kiongozi wetu alikuwa mchimbaji wa zamani, na alianzia kwenye milango ya mbao, si kwenye makaa. Nampa haki. Hewa huingia kwa shimo moja na kutokea kwa jingine. Milango ndiyo inayoilazimisha kuzunguka vichochoro vyote. Mmoja ukiachwa wazi, hewa hukata njia ya mkato, upande wa mbali unakosa, na metheni, gesi inayotoka kwenye makaa na nyepesi kuliko hewa, inajikusanya darini. Ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, cheche moja inalipua. Katika migodi ya Uingereza milango hiyo ililindwa na watoto, gizani, hadi sheria ya 1842 ilipowazuia walio chini ya miaka 10.

Taa ya usalama ya mwanasayansi Mwingereza Humphry Davy, ya 1815, ilikuwa pia kipimo. Wavu wake hupoza joto la mwali lisiwashe gesi ya nje. Mchimbaji aliupunguza mwali, kisha akaiinua taa polepole kuelekea dari: mwali ukivaa kilemba cha buluu, metheni ipo. Ukififia karibu na sakafu, oksijeni imepungua. Wavu uliotoboka uliigeuza taa kuwa kiwashio.

Tulipita mazizi ya farasi waliovuta makaa, majina yao yakiwa bado ukutani.

Mkirudi juu, msikimbilie kuondoka. Bafu za wachimbaji, za 1939, zina makabati ya nguo safi upande mmoja na za kazi upande mwingine, na hewa ya moto ilipitishwa ndani yake ili nguo zilizolowa zikauke kabla ya zamu ya kesho.