Usugu hauhami na mdudu tu, unarushwa

Kila Novemba kwenye ile wiki ya UVIDA (usugu wa vimelea dhidi ya dawa), tarehe 18 mpaka 24, mabango ni yaleyale: maliza dozi, usinunue rangi mbili dukani bila cheti. Sawa, sibishi. Ila mi nakaa maabara na kinachonikera ni kwamba mtu akishasoma bango anaamini usugu ni kosa la fulani aliyeacha vidonge siku ya tatu, na hakuna anayemwambia kwamba unaweza kulazwa hujawahi kuigusa dawa fulani maishani mwako, ukatoka wodini na bakteria wanaoigomea.

Iko hivi. Bakteria ana DNA yake kubwa, halafu wengi wana vipande vidogo vya mviringo pembeni, vinaitwa plazmidi, na jeni za usugu zinapenda sana kukaa humo. Wawili wakikutana, mmoja anamshika mwenzake kwa kijimrija na kumrushia kopi ya plazmidi, kama unavyomrushia mtu wimbo kwa bluetooth, wako unabaki na yeye anao. Wala hawaangalii ukoo, Klebsiella, bakteria anayesumbua sana wodini, anampa E. koli, yule wa kawaida wa tumboni, fresh tu. Na plazmidi moja inaweza kubeba usugu wa dawa nne tano kwa mpigo, kwahiyo ukitumia mojawapo tu umeua wale dhaifu na umewaachia nafasi wenye mzigo wote.

Wajapani walishtuka mapema. Miaka ya 1950 walikuwa wanahangaika na kuhara damu, wakaanza kukuta Shigela, bakteria anayeleta kuhara huko, anayegomea dawa za salfa, streptomaisini, kloramfenikoli na tetrasaiklini zote pamoja, na cha ajabu mgonjwa amepewa dawa moja tu ila wadudu kwenye choo chake ni sugu kwa zote nne. Hiyo huwezi kuielezea kwa mdudu kubadilika mwenyewe kidogokidogo. Mwaka 1959 watafiti, akina Akiba na Ochiai, wakachanganya E. koli sugu na Shigela wa kawaida, Shigela akatoka na usugu wote. Yaani chanzo kilikuwa tumboni mwa mgonjwa, kwa E. koli wake mwenyewe ambaye hata haumwi naye.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Madrid, Hospitali ya Ramón y Cajal. Kati ya 2014 na 2016 walichukua swabu za njia ya haja kubwa kwa wagonjwa zaidi ya 9,000, wakaifuatilia plazmidi moja inaitwa pOXA-48, hii inavunja dawa za kundi la meropenemu, zile tunazozikimbilia nyingine zikishindwa. Wakasoma DNA yote ya bakteria waliowapata. Wakakuta kutoka mgonjwa mpaka mgonjwa anayesafiri zaidi ni Klebsiella mwenyewe, kwa mikono, vitanda, vifaa, ila akishafika kwenye utumbo wa mtu anaanza kugawa plazmidi kwa wenyeji aliowakuta, hasa E. koli. Sasa fikiria timu ya kudhibiti maambukizi inamtafuta Klebsiella peke yake, inamkosa, inafunga faili, kumbe mzigo ulishahamia kwa mwingine!

Huku kwetu Klebsiella namjua kwa macho kabla ya majibu. Kwenye MacConkey, chakula tunachooteshea bakteria kwenye sahani, anaota pinki, mnene, anang'aa, ukimgusa na lupu, kile kijiwaya cha kuchotea, anavutika uzi wa ute. Unampaka kwenye sahani, unapanga diski, yaani vikaratasi vyenye dawa, asubuhi unapima kwa rula ya milimita duara ambalo bakteria hawakuota kuzunguka kila diski. Kwenye seftriaksoni mara nyingi hakuna cha kupima, wameota mpaka wameugusa ukingo wa karatasi, na hiyo ndo sindano inayochomwa karibu kila wodi nchini. Watafiti wa hospitali ya Bugando, Mwanza, mwaka 2013 walitoa ripoti ya watoto wachanga wenye maambukizi ya damu, aliyetawala ni ukoo mmoja wa Klebsiella wenye CTX-M-15, jeni ya usugu kwa dawa kama hiyo seftriaksoni, na mtoto wa siku chache ana dozi gani ambayo hakumaliza jamani?

Diski inakwambia dawa imeshindwa, haikwambii usugu umekaa kwenye plazmidi au wapi, na maabara nyingi hazina mashine ya kusoma DNA. Swabu ya mgonjwa anayehamishwa kutoka ICU ya hospitali nyingine lakini inawezekana, ni pamba na sahani tu, na bado sehemu nyingi haifanyiki, anapokelewa anawekwa kitanda cha katikati. Mtu anaweza kuwabeba hawa tumboni miezi mingi baada ya kuruhusiwa, hana homa hana chochote, akirudi kulazwa kwa ajili ya mguu hakuna anayejua. Kwahiyo ukilazwa, hata kama hawajakuuliza, waambie mwaka huu ulilazwa wapi na ulichomwa sindano gani, na kama una karatasi ya majibu ya kalcha (kipimo cha kuotesha bakteria) ya zamani nenda nayo, na mkisema maandishi yamefutika nitawaelewa maana huwa tunaandika kwa kalamu inayofutika.