Haidrojeni katika dumu la mnazi

Baba yangu mdogo ni mgema, Kaloleni. Alfajiri anapanda minazi yake na kotama kiunoni, na tembo analoshuka nalo ni tamu kama maji ya miwa. Ikifika jioni limechachuka. Likizo iliyopita nilikaa naye mkekani, nzi wadogo wenye macho mekundu wakizunguka mdomo wa dumu, nikamweleza jambo lililonikaa kichwani tangu mwaka wa pili chuoni.

Hamira inapogeuza sukari kuwa pombe, haidrojeni hubebwa na molekuli iitwayo NADH. Sehemu inayobeba ni duara bapa, kama sinia. Haidrojeni mbili zimekaa kwenye kaboni moja, moja juu ya sinia na nyingine chini yake. Ukiondoa hii au ile, kinachobaki ni NAD ile ile. Lakini kila kimeng'enya cha jamii ya dehidrojenasi, yaani vile vinavyohamisha haidrojeni, kina upande wake, na hakigusi wa pili.

"Mwanangu, hiyo haidrojeni haitoki kwenye maji?" akaniuliza. Kwa mgema, maji ni suala la heshima ya kazi. Nilifurahi mno, kwa sababu ndilo swali lililopata jibu Chuo Kikuu cha Chicago mwanzoni mwa miaka ya 1950. Birgit Vennesland, Frank Westheimer na wenzao walitengeneza etanoli, pombe yenyewe, yenye dyuteri, yaani haidrojeni nzito, wakaichanganya na NAD na dehidrojenasi ya hamira. Kila molekuli ya NADH ikatoka na dyuteri moja. Walipotumia maji mazito, yaani maji yenye dyuteri, na etanoli ya kawaida, dyuteri haikuingia. Haidrojeni hutoka kwenye pombe moja kwa moja, haipitii majini. Kisha wakarudi nyuma: wakaipa NADH ile asetaldehidi, kile kinachobaki etanoli ikinyang'anywa haidrojeni, na dyuteri yote ikarudi kwenye pombe. Haikubaki kwenye NAD. Kimeng'enya kilichukua palepale kilipoweka. Kila nikifika hapa nafunga kitabu kwanza, natulia.

Sasa itazame hamira yenyewe. Kimeng'enya kinachong'oa haidrojeni kwenye sukari, dehidrojenasi ya gliseraldehidi-3-fosfati, huiweka upande ambao wanakemia huuita B. Kile cha pombe huchukua iliyo upande wa A. Kwa hiyo haidrojeni iliyotoka kwenye sukari sasa hivi haiendi kwenye pombe sasa hivi. Inasubiri. Ya A inaondoka, iliyobaki inalala usawa wa sinia. Zamu inayofuata mgeni anaingia kwa B, iliyokuwa ikisubiri inasukumwa upande wa A, ndipo nayo inaondoka.

Na wale nzi? Nzi wa matunda, Drosophila, nao wana dehidrojenasi ya pombe, maana mabuu wao hukulia katika matunda yaliyochacha. Ya hamira ina zinki, ya nzi haina. Ni protini ya ukoo mwingine kabisa, na yenyewe hutumia upande wa B. Mwaka 1982 mwanakemia Steven Benner alitoa hoja kwamba upande si bahati nasibu: unaendana na nguvu za mmenyuko wenyewe, na uteuzi wa asili ndio uliouchagua. Wengine wakashikilia kuwa ni urithi: babu alianza na upande mmoja na wajukuu wakaufuata, kwa kuwa kuubadili ni kujenga upya mfuko mzima ambamo NADH hulala. Mimi ni wa urithi. Hata hivyo hoja ya Benner siwezi kuipuuza, kwani kimeng'enya cha nzi hupendelea pombe za sekondari, kama vile isopropanoli, ambazo nguvu za mmenyuko wake si sawa na za etanoli, na hilo linakubaliana na nadharia yake.

Baba mdogo akamimina, akafukuza nzi kwa kiganja, akataka kujua ini lake yeye linatumia upande gani.

A, nikamwambia. Kimeng'enya chake kina zinki kama cha hamira. Ni ukoo mmoja.