AC ya ukutani, chumba kidogo Tabora: jinsi nilivyokomesha maji kudondoka ndani

Oktoba hapa Tabora, kabla mvua hazijaanza, ghorofa ya juu usiku haulaliki. Nikafungiwa AC ya BTU 9,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza), inayotosha chumba changu. Muda si mrefu maji yakaanza kutiririka ukutani hadi kwenye godoro.

Fundi akasema gesi imepungua, tuongeze. Nikakataa. Gesi ikipungua, ubaridi hushuka na koili, yaani mabomba ya ndani yanayopoza hewa, huganda barafu. Yangu ilipoza vizuri, barafu hakuna. Kwa nini nilipie gesi?

Nikazima umeme, nikafungua kava, nikamimina kikombe cha maji kwenye trei inayokusanya maji chini ya koili. Nje halikutoka hata tone. Tundu la ukutani, linalopitisha mabomba ya gesi na mpira wa kutoa maji, lilikuwa limetobolewa likipanda kuelekea nje, kwa hiyo maji yalirudi ndani.

Tulichimba ukingo wa chini wa tundu kwa nje, mpira wa maji ukalala chini ya mabomba ya shaba ya gesi, ukishuka moja kwa moja bila kupinda, tukaziba kwa silikoni. Mabomba ya shaba hatukuyafungua: ukiyafungua, lazima hewa ivutwe kwa pampu ya vakyumu kabla ya kuachia gesi, maana unyevu huua kompresa, mashine inayosukuma gesi.

Nikamimina kikombe kingine. Kikatoka chote nje.