Majani ya kulishia ng'ombe

Harusi ya Asha imepita salama, paa la banda lililoezuliwa na upepo limeshaezekwa, na mimi bado nimekwama kwenye maneno ya Ami.

Alishuka bondeni kwangu, akakata jani la mchaichai ninaoulima kwa ajili ya mafuta, akalifikicha, akalinusa. Nami nangoja sifa, maana masika haya umeota mpaka kifuani, kijani kinang'ara. Akalitupa.

"Mwanangu, una majani mazuri ya kulishia ng'ombe."

"Mvua hiyo, Ami."

"Mvua inanyesha kwa wote. Mbona wa Bi Time unanukia? Ni hiyo mbolea yako ya yurea."

Nikanyamaza. Mimi!

Usiku ndiyo namjibu, tena kwa ufasaha. Ami kala ujana wake kwenye kiwanda cha mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, huko Wawi, Pemba, pua yake simnyimi. Lakini makonyo huja yameshaanikwa. Kilo 100 hutoa mafuta kilo 5 au 6. Mchaichai mbichi kilo 100 haufikishi hata kilo 1, na ukiukata kwenye mvua umejitwisha maji. Yurea, sawa, inasukuma majani, na mafuta ya kila kilo huweza kupungua. Lakini majani yakizidi sana, shamba zima linaweza kutoa mafuta mengi zaidi kuliko lisilotiwa kitu. Hilo jani moja vidoleni halikuambii.

Halafu jana, naosha vyombo, likanijia: Bi Time analima kilimani! Mvua inanyesha kwa wote, Ami, lakini maji hayatuami kwa wote. Nikacheka peke yangu hadi mama akachungulia jikoni. Jibu tamu namna hii, na mwenyewe keshaondoka zamani.

Basi simpigii simu. Nangoja jua likae siku kadhaa, nikate, niyaache majani yanyauke kivulini, ndipo nipike. Mistari ya mwisho haijaonja yurea. Hiyo nitaipika mbali. Ami nitamwita anuse chupa mbili bila kuambiwa ipi ni ipi. Akikosea, nitaandika hapa kwa herufi kubwa. Akipatia, hamtasikia kitu.

Kingine: Khamis bado yuko dago, kambini kwa wavuvi, na simu yake haipatikani tangu juzi. Mama nimemwambia chaji imemwishia. Kaniitikia tu, wala hakuuliza zaidi, na si kawaida yake.