Tiki mbili, msimu wa korosho

Mtwara, Oktoba, usiku

Korosho zimeanza kuanguka, na wapenzi wengi wa mjini wametengana kwa muda. Mmoja yupo Shangani hapa mjini, mwenzake kapanda shambani Tandahimba kuokota. Asubuhi unatumwa ujumbe wa WhatsApp, "Umeamkaje mpenzi?" Tiki mbili za kijivu zinatokea, kisha kimya hadi jioni.

Tiki hizo zinasema ujumbe umefika kwenye simu, basi. Hazisemi umesomwa. Lakini mwenye hofu ya kukataliwa ameshasoma hukumu yake.

Mwaka 1996 wanasaikolojia Geraldine Downey na Scott Feldman waliieleza hofu hii hivi: mtu anasubiri kukataliwa kwa wasiwasi, anaona upesi kuwa amekataliwa hata pasipo na hakika, kisha anajibu kwa ukali. Mwaka 1998 Downey na wenzake wakaonyesha jambo linalonihuzunisha kila nikilifikiria. Wanawake wenye hofu hiyo walipogombana na wapenzi wao, ukali wao wenyewe ndio uliowaachia wenzao hasira. Kilichoogopwa kilialikwa mpaka sebuleni.

Saa mbili usiku unaingia ujumbe wa pili: "Najua umenichoka." Anayeupokea kashinda ameinama chini ya mikorosho, akinyonyoa korosho kwenye mabibo, vidole vinanata. Alitarajia pole, amekuta mashtaka. Atajibu kwa mkato, na mkato huo utahesabiwa kuwa ushahidi.

Wenye hofu si kwamba hawana hisia kwa wenzao. Wanausoma uso wa mpenzi siku nzima, ila swali lao ni "bado ananitaka?" badala ya "leo ameshindaje?" Hapo ndipo pa kurekebisha. Kabla ya kutuma, andika mistari miwili kwenye karatasi. Wa kwanza, kilichotokea: hajajibu tangu saa moja asubuhi. Wa pili, ulichohitimisha: amenichoka. Tuma kinachotokana na wa kwanza tu: "Pole na shamba. Kutwa hatujaongea, nimekukumbuka. Ukipumzika nipigie hata dakika 5."

Na wewe uliyeko shamba, usimwachie mwenzako kazi ya kubashiri. Mwambie kabla ya kuondoka: mchana sishiki simu, nitapiga saa mbili. Halafu piga kweli, hata kama una usingizi.

Kuna hofu nyingine iliyo kimya zaidi, nayo hujificha kwenye "sawa tu". Fedha ya korosho ikiingia benki, mmoja anapanga bati, pikipiki, mchango wa harusi ya ndugu. Mwingine anaitikia yote, asije akaonekana mkorofi. Ukisikia "sawa tu" ya tatu mfululizo, weka kalamu chini umuulize: wewe ungeanza na nini?