Siku moja na korespondenti wa Mbeya: stori ya lumbesa ilivyogeuka kuwa ya DC

Saa 12 asubuhi Mbeya ya mwezi wa saba mtu hatoki kitandani kwa hiari, ila simu ishaanza kulia, magrupu ya waandishi yanatupia ratiba za wakubwa: ziara ya RC, kikao cha madiwani, semina hotelini. Hapo ndo gazeti la kesho linapoanzia jamani. Watu wanadhani mhariri kakaa Dar anawaza wananchi wanataka kusoma nini, wapi! Habari nyingi za mikoani zinaamuliwa na nani ana gari la kubeba waandishi. Na mimi sina mshahara, nalipwa kwa stori iliyotoka, isipotoka imekula kwangu.

Leo nimeupotezea msafara. Saa 2 nipo Uyole nadandia Coaster ya Tukuyu, nashuka Isyonje kwenye viazi, kuna mama aliniambia njoo ujionee. Gunia limejaa mpaka mdomoni, ungedhani sasa linashonwa yaishe, thubutu, wapakiaji wanaunga kipande cha gunia lingine juu, wanashindilia kwa magoti, wanafuma kamba ya manila huku na huku mpaka linaota kichwa. Ndo lumbesa yenyewe hiyo. Wanaume wawili hawalinyanyui. Sheria inataka lisizidi kilo 100, lakini mizani iko wapi? Na bei ni ya gunia moja. "Mwanangu, nikikataa anahamia shamba la jirani, vyangu vioze?" Dalali naye nikamhoji maana stori lazima ubalansi, kasema anafuata soko la Dar linavyotaka.

Saa 7 nimetuma. Saa 8 mhariri anapiga.

"Kaka, stori kali, ila nani kasema?"

Nikamwambia si huyo mama.

"Mama ni nani?"

Hana roho mbaya, najua kwenye kikao cha kurasa naye anaulizwa hivyo hivyo. Mkulima akiruka kesho gazeti linabaki peke yake, ila DC akisema, hata kama ni porojo, ni yeye kasema. Tangu ije ile Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 naona jina lenye cheo ndo kinga yenyewe.

Basi nikaanza kumsaka DC, simu hapokei, nikamvizia nje ya kikao, akanipa dakika mbili: lumbesa marufuku, atakayekamatwa atatujua. Maneno hayo hayo nishayasikia kwa waliomtangulia, ila sasa nina habari! Saa 11 nimetuma upya, DC juu, mama chini.

Saa 1 usiku deski wananiambia limeingia tangazo la zabuni, limekula karibu ukurasa mzima, stori imebaki aya nne. Mama yupo ya mwisho, na picha waliyotumia ni ya DC, ya maktaba. Tangazo silalamikii, ndo linalotulipa. Kinachoniuma ni kwamba lile gunia lingekuwa kwenye lori lililopinduka Mlima Nyoka likaua, lingeenda ukurasa wa mbele na hakuna ambaye angeuliza nani kasema.

Saa 3 usiku grupu tena: kesho msafara Chunya, gari linatoka saa 12, nafasi zimebaki mbili.

Nimeandika "naomba moja".