Nina futi tano na inchi moja, na ni daktari wa mifupa

Niliposema naenda kusomea upasuaji wa mifupa, mama mkubwa alinishika mkono akaniuliza mwanangu, si uchukue watoto au akina mama, huko kwenye nyundo na drili unafuata nini? Darasani nikajikuta mwanamke peke yangu. Hata Marekani, ambako wanafunzi wa udaktari wengi sasa hivi ni wanawake, mabingwa wa mifupa wa kike hawafiki 10 kwa 100, kwahiyo sikushangaa sana.

Ila walionisumbua sio akina kaka jamani, ni vifaa. Meza ya thieta inapandishwa kwa kimo cha bosi, glovu zipo saba na nusu mimi mkono wangu ni sita, halafu ile aproni ya risasi ya kujikinga na eksirei inanifika karibu na viatu ila kwapani imeachia, pale pale kwenye titi! Glovu nikawa nanunua kwa hela yangu, na fundi wa hospitali akanigongea kistuli cha mbao, alitaka soda tu.

Sasa usiku mmoja kaletwa abiria wa daladala, goti lilipiga dashibodi, nyonga imechomoka kwa nyuma, mguu umefupika na umegeukia ndani. Hiyo hailali mpaka asubuhi, tunajitahidi irudi ndani ya masaa sita maana kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kukosa damu kikafa. Mwenzangu, mtu wa gym, akapanda juu ya meza akavuta mara mbili mpaka jasho likamtiririka, hola. Nikasema ngoja nijaribu, kuna mtu akaguna.

Kwanza nikamwomba wa usingizi aongeze dawa maana misuli ikikaza hata uwe Samsoni utaumbuka. Nikashusha meza, jamaa akamkandamiza mgonjwa kiuno kisinyanyuke, nikapanda kistuli changu, unyayo mmoja juu ya meza, goti langu chini ya goti lake, mkono kwenye kifundo chake nabonyeza taratibu huku nainua kisigino changu. Ko! Imeingia. Kazi yote wamefanya vigimbi, mikono ilikuwa inaongoza tu. Njia yenyewe inaitwa Captain Morgan kwa sababu unasimama kama yule nahodha wa kwenye chupa ya ramu, msiniulize chupa nimeionea wapi.

Mwenzangu hakusema kitu, ila wiki iliyofuata nilimkuta kwenye kistuli changu, na urefu wote ule.

Siku hizi stoo wanaagiza glovu namba sita nikiwakumbusha. Aproni yenye mikono ya kufunika kwapa nimeandika barua mara tatu, mzee wa stoo ameisoma ya mwisho akavua miwani, "dada dokta, hii unayotaka ni aproni au blauzi?"